Funga ya Kungoja Matokeo

Mke wangu aliweka nadhiri akiwa kwenye kigoda anamenya viazi. Ilikuwa jioni ya siku ambayo binti yetu alimaliza karatasi ya mwisho ya mtihani wa gredi ya tisa. Msichana mwenyewe alikuwa ameshaingia chumbani, ametupa mkoba pembeni na kujilaza kitandani bila hata kuvua soksi. Uani tulibaki watu watatu: mimi, mke wangu, na jirani wa mlango wa pili, ambaye mwanawe alikuwa darasa moja na binti yetu. Mke wangu hakuinua kichwa. Alisema, "Kuanzia kesho nafunga. Nimeweka nadhiri. Sili mchana mpaka matokeo yatoke." Kisha akachukua kiazi kingine.

Jirani yetu ni mtu wa kanisa, anaimba kwaya. Alisema hata kwao wamewaombea watoto wote wa mtihani, na Mungu ni mmoja. Mimi nikaitikia amina, maana mtu akishaweka nadhiri huna jingine la kusema. Sikuuliza anafunga kwa ajili ya nini. Mama anamfungia mwanawe afaulu, hapo kuna swali gani?

Nilichokiona papo hapo ni kosa, na ni kosa la watu wetu hasa. Mtu mwenye akili za biashara huweka nadhiri yenye mwisho: siku tatu, au Jumatatu na Alhamisi za mwezi mmoja, halafu akamshukuru Mola na kurudi kwenye chai yake. Yeye alijifunga kamba kiunoni, ncha ya pili akaikabidhi serikali. Na serikali haikuwa imesema matokeo yatatoka lini.

Tunakaa Majengo, Pumwani, katika moja ya zile nyumba za kizamani ambazo bado hazijavunjwa kupisha ghorofa. Ukumbi unapita katikati, vyumba viko huku na huku, na mlango wa nyuma unatokea uani ambako wanawake wote wa nyumba wanapika. Cherehani yangu iko barazani, mbele. Nashona kanzu na mabuibui mwaka mzima, na mwaka ukielekea mwisho nashona sare za shule. Ukitaka kujua wazazi wa mtaa huu wamelalaje, kaa nyuma ya cherehani yangu mwezi wa Desemba. Wanakuja kuuliza habari za sketi za shule wasiyoijua bado, wanapapasa vitambaa, wanashusha pumzi, wanakwenda. Mzee mmoja alitaka nimpime mwanawe na kukata suruali kabisa, rangi tutaijua baadaye. Nilimwambia hakuna kitambaa cha rangi ya baadaye. Akakaa tu hapo kwenye benchi mpaka adhuhuri, tukazungumza habari za mpira.

Meza ya mke wangu iko kwenye kona ya baraza hiyohiyo. Huuza viazi karai, bajia, na ukwaju mzito unaofanya watu watoke ng'ambo ya barabara. Hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza. Sifa yake ya pili ni mdomo. Mteja mmoja aliwahi kulalamika kwamba bajia zimekuwa ndogo, akaambiwa bajia ni zilezile, kilichokua ni kinywa. Mimi mwenyewe nimeambiwa, mbele ya mashahidi, kwamba kanzu zangu zinawafaa wafu kwa sababu wao hawageuki kujitazama kwenye kioo. Kinywa jumba la maneno, wahenga walisema, na jumba la mke wangu halina mlango. Nilimpendea hilo, nikiri tu. Nilipomwoa nilikuwa kijana mpole mno, nikaona ni vizuri nyumba iwe na mtu wa kusema.

Lakini neno lile lile linalochekesha baraza linaweza kumkata mtu, na yeye mwenyewe huwa hajui ni lipi mpaka limeshatoka. Binti yetu alipokuwa gredi ya saba alileta ripoti mbaya ya muhula. Mama yake aliisoma mezani pale, mbele ya wateja, akasema hata mbuzi wa Majengo wanashinda karibu na shule, tofauti ni kwamba wao hawahitaji sare. Watu walicheka sana. Hata mimi nilicheka, kabla sijamwona mtoto. Aliacha kula viazi vya mama yake kwa muda mrefu baada ya hapo, akisema vinamwasha tumbo.

Huyu ndiye mtoto wetu wa pekee. Tulimpata baada ya miaka mingi ya kuulizwa maswali na watu wasiohusika, na tangu aanze kutembea mama yake amekuwa akiwatangazia wateja kwamba huyu atakuwa daktari. Mwaka ule ulipofika wa kuchagua shule za kwenda gredi ya kumi, walichagua shule ya wasichana ya bweni, mbali huko milimani, mkondo wa sayansi. Nasema walichagua, lakini mnajua jinsi mambo haya yanavyokwenda. Mtoto alishika simu, mama akashika mtoto.

Na mitaala yenyewe ni mipya. Enzi zetu mambo yalikuwa wazi: unapata alama zako, unajua umepita au umeanguka, kama umeanguka unapigwa mara moja yanaisha. Siku hizi hakuna kuanguka. Kuna kuzidi matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, na kuwa chini ya matarajio. Mwalimu alitueleza kwenye mkutano wa wazazi, kwa upole, kama mtu anayeeleza ugonjwa. Nilitoka pale nikimwambia mke wangu kwamba mimi nimeshona suruali nyingi zilizokaribia kiuno, na mwenyewe hakuweza kuzivaa. Siku zile alikuwa bado hajafunga, akacheka mpaka akashika ukuta.

Basi akaanza kufunga, na tatizo la kwanza likawa chumvi. Mpishi aliyefunga haonji. Maalim wa msikiti wetu alimwelezea kwamba inaruhusiwa kugusa kwa ncha ya ulimi na kutema, lakini yeye akakataa katakata. Alisema ulimi wake anaujua, hauaminiki. Kwa hiyo kazi ya kuonja unga wa viazi ikaja kwangu. Hapo ndipo palipoharibika kila kitu, kwa sababu mimi nina presha, na daktari alinikataza chumvi tangu zamani. Ulimi wangu umesahau. Ukiniwekea chembe tatu naona ni bahari. Kila nikionja nasema imetosha, tena imezidi kidogo, na mke wangu ananiamini, anaingiza viazi kwenye karai.

Haikuchukua muda. Kijana mmoja wa boda boda, mteja wa kila siku, alitafuna kimoja, akakitazama, akasema, "Mathe, hizi viazi leo ni kama zimetoka hosi, za wagonjwa. Chumvi iko wapi?"

Nilisimamisha cherehani. Nilitaka kusikia jibu, kama watu wanavyosimama kutazama ajali. Siku ya kawaida kijana yule angerudi kwenye pikipiki yake bila jina. Mke wangu alimtazama, akavuta pumzi, akasema, "Nimefunga, mwanangu. Niwie radhi." Akamwongezea kimoja juu. Kijana alibaki ameshika kipande chake cha gazeti, hajui acheke au apige simu hospitali.

Nilidhani ni njaa. Nilisema moyoni, kumbe mwanamke huyu ukimnyima chai ya saa nne anakuwa malaika, na miaka yote hii sikujua.

Desemba ikaingia, ikaenda. Kila siku palikuwa na uvumi. Yatatoka Jumatatu. Hapana, waziri amesafiri. Yametoka kaunti nyingine, Nairobi bado. Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa na ile namba ya kutuma ujumbe ili upate matokeo, na ingawa tulikuwa tumeambiwa haitafanya kazi mpaka yatangazwe, aliituma asubuhi, mchana na jioni. Kila mara simu ilimjibu kwamba huduma haipatikani, na kila mara alituletea tusome sote jibu hilo, huenda limebadilika. Mwanawe alikuwa ameanza kujificha kwa shangazi yake mtaa wa Huruma ili asiulizwe. Mama huyu alikonda bila kufunga. Siku moja nilimkuta amekaa uani na bakuli la njugu mbichi, amezichambua zote, halafu anazichanganya tena ili azichambue upya. Nilimwonea huruma, nikamwambia binadamu hakuumbwa kungoja, ndiyo maana ng'ombe hawana mitihani. Hakucheka.

Nikaanza kuwa na wasiwasi na mke wangu. Siku zake za udhuru alikula, akasema atazilipa, kisha akarudi kufunga kama kawaida. Mashavu yalikuwa yameingia ndani. Nilikwenda kwa maalim kuuliza kama kuna njia ya kumfungua. Akaniuliza nadhiri ilisemwaje, nikamweleza. Alikuna ndevu, akasema fundo limefungwa na ulimi wake mwenyewe, na hajajifunga kwa jambo la dhambi wala asiloliweza. Akiugua, hapo tutazungumza. Nilimwambia hajaugua bado, lakini mimi ndiye naumwa. Akasema subira huvuta heri. Nikamshukuru, nikaondoka nimeudhika.

Viazi navyo vilikuwa vimezorota kiasi kwamba mke wangu aliniachisha kazi. Alinitazama kwa muda, akafunua kinywa kama mtu anayetaka kusema jambo, akakifunga, kisha akamwita binti yetu aje kuonja badala yangu. Chumvi ikarudi. Wateja wakarudi. Msichana alikuwa na ulimi mzuri kama wa mama yake: anachovya kidole, anaonja, anasema ongeza kidogo, au ongeza ndimu, na kweli inakuwa hivyo. Nikaona mambo yametulia angalau upande huo.

Alasiri moja nilikwenda uani kutafuta makaa ya pasi. Mke wangu alikuwa mbele mezani. Binti yetu alikuwa ameonja unga wa bajia, amepaza sauti kwamba uko sawa, halafu nikamwona anakwenda haraka kwenye mfereji. Akainama, akatema, akasukutua, akatema tena. Akafuta mdomo kwa mtandio. Alipogeuka akanikuta nimesimama na koleo la makaa.

Nimeishi na watu wanaofunga maisha yangu yote. Najua mtu anayetema kwa sababu chakula kibaya, na najua mtu anayetema kwa sababu amefunga. Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu siku ileile aliyoanza mama yake. Alfajiri alikuwa akiamka pamoja naye kuswali, anakunywa maji, na mchana akiitwa kula anasema amekula kwa jirani. Kwa jirani anasema amekula nyumbani. Na mimi baba mtu, ambaye kutwa nzima niko nyumba hiyohiyo, nilikuwa nimemeza yote mawili.

Nilimuuliza anafungia nini. Nilitarajia aseme shule ya milimani.

"Mama hali kwa sababu yangu," akasema. "Mimi nitakulaje?"

Nikamwambia ni vizuri, lakini nadhiri ni ya mama yake, si yake. Hapo akaanza kukunjakunja ncha ya mtandio, na nikajua kuna la zaidi. Alisema kwenye karatasi ya hisabati muda ulimwishia. Maswali ya mwisho hakuyagusa kabisa, na ya katikati aliyajibu kama mtu anayerusha mawe gizani. Alijua tangu alipotoka kwenye ule mlango. Sayansi hakuna, milimani hakuna, udaktari hakuna. Alitoka pale akaja nyumbani na kulala, na alipoamka akakuta mama yake ameshaweka nadhiri.

"Kufeli siogopi sana, Baba. Naogopa venye Mama atasema. Mama akishasema kitu, mimi huwa haitoki kichwani. Ile ya mbuzi bado naisikia."

Koleo lilikuwa linanichoma mkono, nikaliweka chini. Nilitaka kumwambia mama yake hakuwa na nia mbaya, lakini mtoto alikuwa anajua hilo tayari, na halikuwa limemsaidia. Aliniomba nisiseme. Nikamwahidi. Niliumia, tena sana, kwa kuwa nilikumbuka vizuri kabisa kwamba siku ile ya mbuzi na mimi nilicheka.

Kuanzia hapo nilibeba siri kama mtu aliyebeba maji kwenye mikono. Mke wangu alikuwa anafunga, binti anafunga, na mimi katikati yao ninakula ugali mchana peke yangu kwa aibu. Kila nilipomtazama mke wangu nilifikiria siku ya matokeo: njaa ya wiki zote hizo, matumaini yote hayo, halafu simu inasoma hisabati. Nililiona neno linatoka. Sikujua litakuwa neno gani, lakini nilijua litakuwa fupi, litachekesha baraza, na litamkaa mtoto mwilini maisha yake yote.

Mwishowe nilishindwa. Sikuitoboa siri ya mtoto, ila nilimwendea mke wangu kwa njia ya kuzunguka, na nilipozunguka nikapotea. Nilimwambia anamlemea msichana. Nilimwambia Mungu si msimamizi wa mtihani kwamba atahongwa kwa njaa, na kwamba kama funga yake ni ya kumshurutisha mtoto awe daktari, afadhali ale. Nilisema kwa ukali, jirani akasikia, akaingia ndani kwake taratibu. Mke wangu alikuwa ameshika kijiko cha kugeuzia viazi. Mafuta yalikuwa yanachemka. Nikangoja nipate changu, na nilikuwa nimestahili.

"Nimefunga, Mzee," akasema.

Akageuza viazi. Nilikasirika zaidi kuliko kama angenitukana. Nilirudi kwenye cherehani nikashona mkono wa kanzu kichwa chini, nikalazimika kuufumua.

Matokeo yalitoka mchana, siku ambayo hakuna aliyekuwa amevumisha lolote. Redio ya duka la ng'ambo ilitangaza, na kabla mtangazaji hajamaliza, jirani yetu alikuwa ameshatuma namba. Simu ikakaa kimya. Akasimama katikati ya baraza ameishikilia kwa mikono miwili. Ilipolia alisoma akiwa anatembea, kisha akakaa chini kwenye saruji, akavuta kanga usoni na kulia kwa furaha. Mwanawe alikuwa amefikia matarajio karibu kila somo, na mengine ameyazidi. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilimpongeza kwa moyo wote, na moyo huohuo ulikuwa unadunda kama wa mwizi.

Kisha akaniomba namba ya mtihani ya binti yetu. Msichana alikuwa amesimama mlangoni. Aliisema yeye mwenyewe, tarakimu moja moja, kwa sauti ya kawaida kabisa. Watu walikuwa wameshajaa: wateja wa viazi, kijana wa boda boda, wanawake wa nyumba nzima. Ujumbe ulipoingia jirani aliutazama, akaupitisha kwangu bila kuusoma kwa sauti, na hapo kila mtu akajua.

Nilisoma. Kiswahili, kuzidi matarajio. Sanaa, kuzidi. Dini, kuzidi. Kiingereza, kufikia. Sayansi, kukaribia. Hisabati, chini ya matarajio. Nilitaka kuiruka hiyo, lakini binti yangu alikuwa ananitazama, nikaisoma.

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya karai, mikono imejaa unga. Mama mmoja wa mtaa wa nyuma, ambaye si mtu mbaya ila hajui wakati wa kunyamaza, akauliza, "Na ule udaktari, basi?" Nikamwona mke wangu anameza mate, jambo ambalo mfungaji mwangalifu halifanyi ovyo. Nikamwona binti yangu ameshika fremu ya mlango.

"Nimefunga," mke wangu akasema.

Yule mama akasema, lakini si matokeo yametoka? Nadhiri imeisha, mpeni maji. Mke wangu akajibu kwamba siku iliyoanzwa haikatwi katikati. Akamgeukia kijana wa boda boda, akamuuliza anataka vingapi. Watu wakaona hakuna mchezo wa kutazama, wakatawanyika mmoja mmoja. Binti akaingia chumbani, akafunga mlango.

Sijawahi kuona mchana mrefu kama ule. Nilijaribu kushona, uzi ukakatika, nikauacha. Mke wangu alikaanga viazi mpaka vikaisha, akaosha karai, akafagia sehemu yake ya baraza, akafagia na yangu. Baada ya alasiri alikwenda uani akapika uji wa mchele wenye nazi, anaoupenda mtoto. Mimi nilikuwa nazunguka kama kuku. Nilimwambia, taratibu safari hii, kwamba mtoto hajatoka chumbani. Akaniambia anajua, na akaniomba nitandike mkeka na kumwita.

Adhana ya magharibi ilitukuta watatu kwenye mkeka chumbani kwetu, sahani ya tende katikati, uji pembeni. Binti alikaa karibu na mlango, kama mtu atakayehitaji kutoka. Mke wangu alishika tende, akasoma dua yake, akala, akanywa maji. Alikunywa glasi nzima bila kupumzika. Kisha akaweka glasi chini na kumtazama mtoto.

"Nilipoanguka darasa la nane," akasema, "baba yangu alinisimamisha kwenye baraza, wazee wakiwa wanakunywa kahawa. Akawaambia, 'Huyu ni mdomo wa kula tu.' Wazee wakacheka. Baba yangu alinipenda, kila mtu anajua, na alikuwa mcheshi. Alikufa, na mpaka leo nikikaa kula peke yangu namsikia."

Miaka yote ya ndoa yetu sikuwa nimelisikia hilo. Nilijua baba mkwe alikuwa na maneno. Watu bado wanayarudia maneno yake Majengo nzima wakicheka. Sikujua kwamba moja lilikuwa limebaki kwetu.

"Na mimi mdomo wangu ni wake," akaendelea. "Nimeurithi mzimamzima. Sikufunga ili ufaulu. Kufaulu ni kwako na Mola wako. Nilifunga ili matokeo yanikute nimefunga, nisiweze kukwambia neno. Mtu aliyefunga hagombi. Leo mchana lilikuja, mwanangu. Lilifika hapa." Akagusa koo. "Nikalirudisha."

Binti yetu aliinamisha uso. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Mimi nilikuwa nimeinamia mkeka, na nilipokumbuka niliyomwambia juu ya kumhonga Mungu, niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Na hesabu sikumaliza, Mama," msichana akasema hatimaye. "Nilijua tangu siku ile. Na mimi pia nimefunga."

Mke wangu alinigeukia, akanitazama, nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo. Akageuka tena kwa mtoto. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, nilimwona anatafuta maneno na hayapati. Alichukua tende, akatoa kokwa kwa vidole, kama alivyokuwa akifanya mtoto alipokuwa hajaota meno vizuri, akasogea mpaka pale mlangoni na kumwekea mkononi.

"Fungua," akamwambia. "Nilikuona ulivyosoma. Kila alfajiri, kila jioni, nilikuwa nakuona. Hakuna mtu aliyekuona kama mimi."

Msichana alitia tende kinywani na kuanza kulia kwa sauti, analia na huku anatafuna, bega lake limeegemea la mama yake. Nikamsogezea maji, nikamwambia ameze kwanza asije akapaliwa.